Kizimba cha Ufunguo Mmoja

Hadija,

Nina hasira. Nakuambia mapema ili usije ukasoma mpaka katikati ukifikiri baba amelainika kwa kuwa unaondoka kesho. Sijalainika. Salamu sikuandikii. Tunalala nyumba moja, kikohozi changu unakisikia kupitia ukuta, unajua sijambo. Mambo ya sweta, ya dawa ya malaria, ya kutokula vitu vya stendi, mama yako amekuambia mara nne na mi nilikuwa nasikia. Mi nina mambo mengine.

Leo ni siku ya tisa huniambii neno. Unaweka chai mezani, unaondoka. Nikiuliza simu yangu iko wapi, unanyoosha kidole. Basi nimekaa dukani, saa nane mchana, umeme umekatika tangu asubuhi, nimechana karatasi za katikati kwenye daftari, namwandikia mtu anayekunja nguo zake hatua thelathini kutoka hapa. Makosa utayaona. Naijua ile kalamu yako nyekundu, uliyokuwa unasahihishia mabango ya duka langu tangu ukiwa darasa la sita, wateja wakiwa wamesimama pale pale wanatazama.

Ngoja kwanza nikukumbushe baba yako ni nani, maana naona barua ya chuo cha Dodoma imekusahaulisha. Nilikuzaa nina miaka kumi na minane na ndevu tatu. Darasa la nane sikulimaliza. Leo nina miaka thelathini na saba, na wazee wa Buyenzi nikipita bado wanasema, yule kijana mkorofi huyo. Lakini kompyuta ikifa mtaa huu, hawaendi kwa wenye diplomu. Wanakuja kwa yule kijana mkorofi.

Na vizimba je? Nani alivileta vizimba mji huu? Wezi walipokuwa wanaingia maofisini karibu na bandari, wanabeba kompyuta kama wanabeba mikate, wenye shule zao walifunga kamera. Wezi wakabeba na kamera. Mi nikachukua bati nene, nikachomelea kizimba. Mashine inaingia yote ndani, mlango wa chuma, kufuli, na kizimba chenyewe kimefungwa kwa bolti ukutani chini ya meza. Kitundu kimoja mbele cha kupitisha kidole uwashe, vitundu vya hewa, na tundu nyuma la kutolea nyaya. Shingo ya kufuli nimeificha ndani ya bomba ili msumeno usiipate. Bandarini nimefunga vizimba kila ofisi ya maana. Hakuna mashine hata moja iliyowahi kutoka kwenye kizimba changu bila ruhusa. Hata moja. Hilo uliandike kwenye daftari lako la chuo.

Sasa tuje kwenye kipanya.

Melkiori unamjua, wakala wa forodha, yule anayejaza makaratasi ya mizigo inayokwenda Kigoma na Kongo. Alinunua kipanya kisicho na waya ili wafanyakazi wake waone amepanda cheo. Siku ya tatu akanipigia, na kipanya yeye hukiita suri. "Fundi, suri yangu imelewa." Tukaenda, mimi na we. Kweli imelewa. Anasogeza mkono, mshale kwenye kioo unangoja, unafikiri, halafu unaruka kama panzi na kutua kwa jirani. Anabonyeza saruji, inaandikwa chumvi. Mashua iko gatini, mwenye mzigo amesimama mlangoni, na Melkiori anasogeza mkono polepole kama anambembeleza mgonjwa.

Nilikunja mikono ya shati. Kumbuka nilivyoikunja, maana nilikuwa nimeshajiona shujaa. Nikabadilisha betri. Ikaruka. Nikapangusa jicho la kipanya kwa spiriti. Ikaruka. Nikasema ni ile meza yake ya kioo, jicho halishiki kitu kinachong'aa, nikaweka gazeti chini. Ikaruka juu ya gazeti. Nikatoa kipanya kipya kwenye begi, cha aina nyingine kabisa. Nacho kikalewa. Hapo fundi mwenye akili angesimama na kujiuliza, vipanya viwili vya mama tofauti vinaumwaje ugonjwa mmoja? Mi nikamwambia Melkiori ana mkono mzito.

Na we ukiwa umepiga magoti chini ya meza, ukasema kwa ile sauti yako ya taratibu, "Baba, kale kadude ka suri kako ndani ya kizimba."

Kale kadude, kale kapokezi kadogo kama jino la mtoto, unakokachomeka nyuma ya mashine, ndiko kanakokisikia kipanya. Mi nilikuwa nimekachomeka mwenyewe.

"Kwa hiyo?" nikakuuliza.

"Kwa hiyo kamezungukwa na bati."

"Na we umezungukwa na mdomo," nikasema, watu wote wakisikia. "Siku utachomelea kizimba chako ndiyo utaniambia habari ya bati. Kalete chai."

Ulikwenda ukaleta chai. Uliileta na sukari mbili, ninavyopenda, na hilo linanikasirisha mpaka sasa. Ungemwaga hata kidogo.

Nikaamua mashine yenyewe ndiyo mgonjwa. Tukaifungua kizimbani, tukaileta hapa dukani, nikafuta kila kitu nikaweka mfumo mpya. Mafaili ya Melkiori ulikuwa umeshayahifadhi kwenye diski bila kuniuliza, mi nilikuwa nimeyasahau. Ningeyafuta yote. Hilo hatujawahi kulizungumza, basi ndiyo nalizungumza. Nikawasha, nikachomeka kale kadude, nikasogeza kipanya. Kikateleza kama sabuni. Nikacheka kwa sauti, nikakuita uje uone.

"Unaona? Ulikuwa unasingizia kizimba."

Ukatazama meza. Ukasema, "Baba, hapa hakuna kizimba."

Niliisikia hiyo sentensi, Hadija. Unafikiri sikuisikia. Niliisikia vizuri kabisa, ikaingia mpaka kwenye mfupa, na nikajua pale pale kwamba ni kweli. Halafu nikaongeza sauti ya redio.

Hiyo ndiyo sehemu ninayotaka uisome mara mbili. Kosa langu si kutojua. Nilijua, nikaibeba mashine kichwani kama mjinga, nikapita nayo mpaka bandarini, nikaifungia tena kwenye bati lile lile, nikawaambia makarani wasogee waone kazi ya Saidi. Wakasogea. Melkiori akashika kipanya. Mshale ukangoja, ukafikiri, ukaruka.

Ukanyoosha mkono. "Nipe ufunguo, baba." Nikakupa. Ukafungua, ukatoa kwenye begi lako ralonji, ule waya wa kurefushia wa USB, ya urefu wa mkono, ukaichomeka nyuma ya mashine, ukaitoa kwa tundu la nyaya, ukapandisha ncha yake mezani, na kale kadude ukakaweka pale, shibiri moja kutoka kwenye kipanya. Ukafunga kizimba, ukanirudishia ufunguo wangu. Melkiori akasogeza mkono. Mshale ukaufuata kama mbwa anavyomfuata mwenye nyama.

"Ulifanya nini?" akauliza.

"Suri inasema na mashine kwa mawimbi, kama redio," ukamwambia. "Kale kadude tulikuwa tumekazungushia chuma, na mawimbi ya diski yako iliyo karibu yanakapigia kelele. Kalikuwa kanasikia nusu nusu."

Ulisema "tulikuwa". Hukusema "alikuwa". Nilisikia hata hiyo.

Na Melkiori, mtu ninayemjua miaka kumi na zaidi, akanigeukia. "Saidi, sha, kumbe fundi ni huyu. We kumbe ni mubeba kufuli."

Wakacheka. Makarani wakacheka, kuli aliyekuja kuchukua karatasi yake akacheka, na hakujua hata wanacheka nini. We hukucheka. Ningependa ungecheka. Ungecheka ningekugombeza kwa kucheka, jambo likaisha njiani. Badala yake ukabeba begi la vifaa, ukatembea nyuma yangu, na mi nikabaki sina pa kuiweka ile hasira.

Nilipoiweka unapajua. Nikafungua kabati la mama yako, nikatoa paspoti yako, nikaja nayo hapa dukani, nikaifungia ndani ya kizimba cha mfano, kile kilichofungwa ukutani wateja waone. Nikakuita. Nikakuambia kama fundi ni we, fungua. Halafu nikatembea mpaka daraja la Ntahangwa na nikautupa ufunguo majini, we ukinitazama.

Ukasema neno lako la mwisho. "Baba, kama ningekosea usingekasirika hivi."

Siku tisa nimelizungusha hilo neno kichwani. Nimelitafutia jibu la kukukomesha. Unajua mi sikosi jibu, mtaa mzima unajua. Sijalipata.

Sasa nitakuambia kitu ambacho hata mama yako hakijui. Umesikia maisha yako yote kwamba niliacha shule kwa sababu ya ada. Uongo. Ada ilikuwa imelipwa. Babu yako alikuwa fundi viatu, aliilipa mpaka senti ya mwisho. Siku moja mwalimu wa Kifaransa akanisimamisha nisome. Nikasoma kwa mbwembwe, unanijua, mkono mmoja mfukoni. Binti mmoja wa mstari wa mbele, mpole, wala hakuwa na nia mbaya, akasema, "Umeruka mstari." Tu. Nilikuwa nimeruka mstari. Darasa likacheka. Mwalimu akasema, rudia Saidi, anzia juu. Kurudia mstari mmoja, Hadija. Nikachukua begi langu nikapitia dirishani.

Mwalimu alituma mtu kuniita mara mbili. Nilikuwa nimejificha Kajaga, kwa fundi wa mashine za mitumbwi, na huko ndiko nilikojifunza kuchomelea, kwa hiyo hata kizimba kilianzia siku ile. Niliporudi nyumbani babu yako akaniuliza kuna nini. Nikamwambia wamenifukuza, eti ada yako haikutosha. Hakwenda kuuliza. Aliona aibu. Akakaa na viatu vyake, akaongeza kazi za usiku, na mi nilikuwa nimeshazoea kutokwenda. Amekufa akijua yeye ndiye aliyenitoa shule. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake siku tatu nzima na nina mdomo huu huu unaoujua, unaosema kila kitu, na sikusema.

Kwa hiyo usiniambie kwamba hasira ya bandarini ni mpya. Ni ile ile. Imeota ndevu tu.

Nilidhani nitakaa nayo hivyo. Kesho gari litaondoka bila we, mama yako ataomba karatasi nyingine ofisini, utachelewa muhula mmoja, na mi nitakuwa nimeshinda. Nilifikia kufikiri hivyo, ndiyo, na naliandika ili ulione. Lakini leo asubuhi Melkiori amekuja hapa.

Alisimama mlangoni, hakukaa. "Natafuta ralonji kama ile ya mutoto," akasema. "Sita. Za ofisi za jirani."

"Za nini sita?"

"Suri zao zote zinaruka, Saidi. Zinaruka tangu ulipofunga vizimba. Wengine wamerudia suri za waya, wengine wanavumilia. Walikuwa wanasema ni suri za bei rahisi."

"Miaka yote hiyo? Na hakuna aliyekuja kuniambia?"

Akanitazama, wala hakuwa anatania tena. "Nani angekuambia? Mutu akifungua kinywa unamutukana mbele ya watu. Mi mwenyewe ulisema nina mukono muzito."

Akaondoka. Nikamkasirikia mpaka alipopinda kona. Halafu hakukuwa na mtu mwingine barabarani wa kukasirikia.

Fikiri kidogo. Ofisi sita. Watu wazima wanakaa kila siku wanabembeleza mshale, wanaandika chumvi kwenye saruji na kufuta, na kuandika tena, kwa sababu wanaogopa mdomo wa fundi kuliko wanavyochukia kazi mbaya. Mi nikipita hapo nje wanasema, karibu Enjinia. Mi najaa sifa.

Basi huko uendako, utafundishwa jinsi ya kutafuta ubovu. Watakupa orodha, uanze na betri, uende kwenye waya, uende kwenye mfumo. Sawa, ifuate orodha yao, watu wamesoma. Lakini mi nakupa kitu kimoja nilichokinunua kwa bei mbaya. Anza na kile ulichokitengeneza kwa mikono yako mwenyewe, kile unachojivunia, kile ambacho mtu akikigusa masikio yako yanapata moto. Kitoe kando, uangalie kama mshale unatembea. Mi nilipangusa meza ya watu, nikasingizia mkono wa mtu, nikafuta mashine ya mtu, kila kitu chumbani nilikishuku isipokuwa bati langu. Na ukiona umeongeza sauti ya redio, jua hapo hapo umeshajua ubovu uko wapi.

Nimemaliza hapo. Najua hupendi nikihubiri, na mi mwenyewe nikijisikia nahubiri nasikia kichefuchefu.

Sasa habari ya kizimba cha dukani. Melkiori alipoondoka nikachukua msumeno. Mashine ya kukatia chuma ipo, lakini umeme haupo, kwa hiyo ni mkono. Na nakuambia kitu, na unaruhusiwa kucheka: kile kizimba ni kizuri. Kizuri kuliko nilivyokuwa nawaambia watu. Kufuli sikuliweza kabisa, lile bomba nililolificha ndani yake limenishinda mimi niliyelichomelea. Ufunguo wa pili hakuna. Mwaka jana uliniambia, baba, kila kufuli liwe na funguo mbili, nikakujibu kwamba ufunguo wa pili ni wa mwizi. Nikaanza na bawaba za mlango. Bawaba ya kwanza imenila saa nzima na misumeno miwili imevunjika. Jirani wa duka la vitambaa akaja kuuliza Saidi unafanya nini. Nikamwambia naiba. Akasema, unajiibia mwenyewe? Nikamwambia ego, ndiyo, na mwenye mali ni mkali.

Nimepumzika kidogo nikuandikie, vidole vimepata malengelenge ndiyo maana mwandiko unaona umelala. Bawaba ya pili imebaki nusu. Naacha kalamu nimalize.

Nimerudi. Ni saa kumi na moja, adhana ya alasiri imepita zamani na sikuisikia. Mlango umetoka. Umenidondokea mguuni, nimetukana tusi ambalo sitaliandika, mtoto wa jirani amejifunza neno jipya leo.

Paspoti yako iko ndani ya bahasha hii. Ina mkwaruzo kwenye jalada, kona ya chini, pale msumeno uliponiteleza ukapitiliza ndani. Picha haikuguswa, jina halikuguswa, nimeangalia ukurasa kwa ukurasa. Mpakani wakikuuliza mkwaruzo ni wa nini, waambie baba yako ni fundi.

Kile kizimba sikirudishii mlango. Kesho gari lako likishapita Musaga, nitachukua ralonji sita niende bandarini, ofisi kwa ofisi, na nitapiga magoti chini ya kila meza, na kila mmoja nitamuuliza kama ana lingine la kuniambia. Nitakasirika, nakuhakikishia. Nitakasirika na nitakaa pale pale chini ya meza mpaka amalize kusema. Na yale ya kwangu niliyomficha babu yako nitayapeleka makaburini kwake, Ijumaa, baada ya swala.

Kitu kingine kilichomo kwenye bahasha ni ile kalamu yako nyekundu. Niliichukua siku ile ile niliyochukua paspoti, nilikuwa nimeificha chini ya droo. Sahihisha hii barua. Kila mstari nilioruka, weka alama. Huna haja ya kuniambia neno kama bado hutaki, iache tu mezani karibu na chai, na mimi nitaanzia juu.

Baba yako,
Saidi